Jinsi ya Kuandika Hotuba ya Umoja Inayoanza na Watu Wako

Mgombea akinipigia simu akitaka nimwandikie hotuba ya umoja, namuuliza swali moja kabla hatujapanga hata siku ya kukutana: "Utawaambia nini wafuasi wako ambacho hawatakipenda?" Wengi hunyamaza. Wengine hudhani sijawaelewa, wakaanza kunifafanulia kwamba wanachotaka ni kuwaambia wapinzani waache chuki. Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, na naweza kusema kwamba jibu la swali hilo hunionyesha mapema kama tutaandika kitu au tutapoteza wiki.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeangukiwa na kazi kama yangu: katibu wa tawi anayemwandalia mwenyekiti maneno ya mkutano, msaidizi wa mbunge, mwanafunzi anayegombea uongozi chuoni, mwanasiasa anayejiandikia mwenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Naamini kwa moyo wote kwamba hotuba inaweza kupunguza uadui. Nimeona ikitokea. Nimeona pia hotuba tamu za matumaini zikipigiwa vigelegele, na kesho yake majirani wa vyama viwili wakapishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Walio mbele yako ni wa kwako

Tazama uwanja wa mkutano wa chama. Fulana ni za rangi moja, nyimbo ni zile zile, na wapinzani unaotaka kuwasihi waache chuki hawapo. Watakachokipata ni kipande cha sekunde ishirini kwenye simu, na aliyekikata hakukikata kwa nia njema. Kwa hiyo ukisimama pale ukawahubiria wapinzani, unawahubiria watu wasiokusikia, huku wanaokusikia wakifurahi kwamba unawasema wenzao.

Wanaokuamini wewe ndio unaoweza kuwageuza. Hii ndiyo nguvu pekee ya kweli aliyonayo mwanasiasa katika jambo hili, na wengi hawaitumii kwa sababu inagharimu.

Tarehe 10 Oktoba 2008, huko Lakeville, Minnesota, John McCain, mgombea urais wa Marekani wa chama cha Republican, alikuwa kwenye mkutano wa kampeni akiwa nyuma ya Barack Obama katika kura za maoni. Mwanaume mmoja akasema anaogopa kumlea mtoto wake katika nchi itakayoongozwa na Obama. McCain akamjibu kwamba Obama ni mtu mwema na hakuna sababu ya kumwogopa. Watu wake mwenyewe wakamzomea. Baadaye mwanamke mmoja akasema hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain akatikisa kichwa, akachukua kipaza sauti, akasema hapana, huyu ni raia, ni mtu wa familia na mwenye heshima, ila tunatofautiana katika mambo ya msingi. Jibu hilo lina kasoro ambayo nisingeiacha kwenye rasimu, kwa sababu linamwacha Mwarabu kana kwamba hawezi kuwa mwenye heshima. Lakini pima alichofanya. Alikuwa anahitaji kila kura, na hofu ile ilikuwa inamletea kura. Aliikataa mbele ya waliokuwa nayo.

Nelson Mandela alifanya jambo zito zaidi. Alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Wiki mbili baadaye, tarehe 25, alisimama Durban mbele ya umati wa watu zaidi ya laki moja, katika mkoa wa Natal ambako wafuasi wa upande wake na wafuasi wa chama cha Inkatha walikuwa wakiuana. Watu wale walikuwa wamezika ndugu zao, wakimsubiri awaambie kwamba haki yao itapatikana. Akawaambia wachukue bunduki, visu na mapanga yao wakayatupe baharini. Hakuwaambia Inkatha. Aliwaambia wa kwake.

Mauaji hayakukoma siku ile. Yaliendelea kwa miaka, hata baada ya uchaguzi wa 1994. Nalisema hili mapema ili usije ukaandika ukitegemea muujiza.

Basi hatua ya kwanza ni hii: kabla ya salamu, kabla ya kichwa cha habari, andika sentensi moja ambayo watu wako hawatapenda kuisikia lakini wewe unajua ni kweli. Iweke katikati ya ukurasa mtupu. Hotuba nzima itajengwa kuizunguka. Kama sentensi hiyo huna, usiite mkutano wa umoja. Fanya mkutano wa kawaida wa kampeni, hakuna ubaya.

Taja kidonda kwa jina lake

Nilijifunza hili kwa mama mmoja.

Miaka yangu ya mwanzo nilimwandikia mgombea hotuba ya kufunga kampeni chafu. Vijana wa pande mbili walikuwa wamepigana kwa mawe, na kijana mmoja wa upande wa pili akapoteza jicho. Niliandika maneno mazuri: tusahau yaliyopita, tugange yajayo, sisi sote ni ndugu. Watu wakashangilia sana. Tulipokuwa tunashuka jukwaani, mama wa yule kijana, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza tu, alinifuata akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, mmesema tusahau. Mimi nasahau nini, na jicho la mwanangu silioni?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemtaja kijana wake kwa sababu niliogopa kuwaudhi wetu waliorusha mawe.

Tangu siku ile, kila rasimu ya umoja ninayoandika ina aya inayosema nini kilitokea na nani alikifanya, ikiwemo sehemu yetu. Aya hiyo hukaa karibu na mwanzo, kabla ya tumaini lolote. Mtu aliyeumizwa husikiliza kwanza kama ametajwa. Akishajisikia, masikio yake hufunguka.

Nikikwama huirudia hotuba ya pili ya kuapishwa ya Rais Abraham Lincoln wa Marekani, ya tarehe 4 Machi 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinakaribia kwisha na upande wake, Kaskazini, ulikuwa unashinda. Alikuwa na kila sababu ya kusherehekea. Badala yake, katika maneno yapatayo mia saba tu, alisema waziwazi kwamba utumwa ndio uliosababisha vita. Akasema pande zote mbili husoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukiomba msaada dhidi ya mwenzake. Kisha akaieleza vita kama adhabu iliyoziangukia Kaskazini na Kusini pamoja kwa dhambi ile. Wafuasi wake walikuwa Kaskazini! Ni baada ya kusema hayo ndipo alipofika kwenye maneno yanayokumbukwa na wote, ya kutomchukia yeyote na kuwatendea wote kwa hisani, na ya kuwatunza wajane na yatima wa vita. Siku 41 baadaye alipigwa risasi.

Watu wengi huninukulia ule mwisho. Mimi huwaomba wasome katikati, kwa sababu mwisho ule hausimami bila deni alilolikiri kabla yake.

Kuna methali ambayo ipo karibu katika kila rasimu ninayoletewa: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Huwa naiondoa. Ni methali nzuri ya nyumbani, lakini jukwaani hutumika kumnyamazisha anayeuliza ugomvi ulihusu nini. Vyama hugombana juu ya vitu vya kweli: ardhi, ajira, kodi, nani alihesabu kura na namna gani. Msikilizaji anajua. Ukimwambia ni ugomvi wa ndugu utakaopita wenyewe, unamwambia kwamba madai yake hayana uzito.

Karatasi mbili

Hili ni zoezi ninalomfanyisha kila mgombea, nalo huchukua saa moja.

Karatasi ya kwanza anaandika kila sifa mbaya ambayo watu wake huwapa wapinzani: hawaipendi nchi, wamenunuliwa, hawana dini, wanadharau maskini. Aandike kama zinavyosemwa kijiweni, bila kupamba. Karatasi ya pili anaandika watu anaowajua yeye mwenyewe wa upande ule ambao sifa hizo haziwafai. Watu halisi: mwalimu aliyemfundisha mwanawe kusoma bila kudai malipo, daktari aliyemhudumia baba yake, mtu aliyekuja msibani akakaa mpaka mwisho. Mgombea akishindwa kupata hata watatu, namwambia hayuko tayari kutoa hotuba hii. Aende kwanza akakae nao.

Kisha tunachukua karatasi ya kwanza na kuigeuza, na hapa mwalimu wangu ni hotuba ya Barack Obama ya tarehe 27 Julai 2004, Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Wakati ule alikuwa seneta wa jimbo la Illinois akigombea useneti wa taifa, na nje ya jimbo lake wengi hawakumjua. Vyombo vya habari vya Marekani vilikuwa vimezoea kuyapaka majimbo ya Republican rangi nyekundu na ya Democratic rangi ya buluu. Watu husema Obama alikanusha mgawanyiko huo. Isome tena uone ufundi. Alisema katika majimbo ya buluu pia watu wanamwabudu Mungu mkuu, na katika majimbo mekundu pia hawapendi maofisa wa serikali wachungulie maktaba zao. Alisema wapo wazalendo waliopinga vita vya Iraq na wapo wazalendo walioviunga mkono.

Kila nusu ya sentensi inajibu shutuma moja. Mnasema hao hawana dini? Wanayo. Mnasema hao wanapenda serikali iwabane watu? Hawapendi. Hakutumia neno "chuki" wala hakuwaomba watu wapendane. Alichukua sifa ambayo kila upande ulidhani ni yake peke yake, akaionyesha ng'ambo ya pili.

Fanya hivyo kwa karatasi yako. Kwa kila shutuma andika sentensi fupi inayoonyesha sifa iliyo kinyume chake, ikiwa ndani ya mtu wa karatasi ya pili. Usimtaje kwa jina bila ruhusa yake. Unaweza kumfanya alengwe na watu wa kwake. Sentensi mbili au tatu zinatosha. Zikizidi, zinageuka mashairi na watu wanasahau ulikuwa unasema nini.

Kipimo cha shemeji

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya mtu anayekipigia kura chama kile kingine. Mimi nina shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ambaye hajawahi kuchagua upande ninaouandikia. Nampenda na ananisaidia kwa uaminifu. Anasikiliza akiwa amefumba macho, na akisikia kijembe anagonga meza kwa kidole.

Kuna siku aligonga mahali ambapo mimi sikuona kosa lolote.

"Shemeji, hapo umenitukana."

"Wapi, shemeji?"

"Uliposema 'wenzetu waliopotoshwa'. Mimi sijapotoshwa na mtu. Nilikaa, nikafikiri, nikachagua."

Alikuwa na haki. Neno hilo linamnyima mtu akili yake, na mimi nilikuwa nimelichagua nikidhani ni la upole. Katika orodha yangu ya maneno ya kufuta, lililofuata ni "wachache wasioitakia mema nchi", kwa sababu kila mpinzani atajiona humo. Kisha "hata wao", kama katika "hata wao ni binadamu". Kisha "karibuni nyumbani", maana mtu ana nyumba yake tayari. Badala ya yote hayo naandika tu: waliochagua tofauti na sisi.

Chunguza pia neno "sisi". Pita rasimu nzima ukilipigia mstari, na kila mara ujiulize: hapa "sisi" ni chama au ni watu wote? Mzungumzaji akilibadilisha maana katikati bila kutoa ishara, upande wa pili hujikuta umekaribishwa katika sentensi moja na kutolewa nje katika inayofuata. Na tazama sana "lakini". Sifa ikifuatiwa na "lakini" huwa imefutika. Iache sifa iishe kwa nukta.

Kesho asubuhi nani atafanya nini?

Sasa tumefika mahali ninapopajali kuliko pote, na ambapo hotuba nyingi za matumaini hupungukiwa.

Ile ya Boston iliwaeleza Wamarekani wao ni watu gani. Haikuwaeleza watafanya nini tofauti, na pengine haikuwa kazi yake siku ile. Karibu miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2016, Obama akiwa rais alilihutubia Bunge kwa mara yake ya mwisho katika hotuba ya hali ya taifa. Alikiri kwamba moja kati ya mambo machache anayoyajutia katika urais wake ni kuwa uhasama na kutoaminiana kati ya vyama kulizidi badala ya kupungua. Naheshimu sana ungamo lile. Hakuishia hapo: alitaja vitu vinavyoweza kubadilishwa. Wanasiasa waache kuichora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ili wajichagulie wapiga kura. Nguvu ya fedha katika siasa ipunguzwe. Kupiga kura kuwe rahisi. Kwangu mimi, aya ile ina tumaini kuliko ile ya rangi za majimbo, kwa sababu mtu anaweza kuamka akaifanyia kazi.

Chukua na mfano wa Zanzibar. Baada ya chaguzi za 1995, 2000 na 2005 zilizoacha visiwa vimegawanyika, na damu iliyomwagika Januari 2001, Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Maalim Seif aliporudi kwa wafuasi wake kuwaambia kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa rais, wengi walilipokea jambo hilo kwa hasira. Naye aliendelea kuwaeleza. Lakini maridhiano hayakuachwa yaning'inie kwenye kupeana mikono. Yalipelekwa kwenye kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na katiba ikabadilishwa ili chama kitakachoshika nafasi ya pili kipate Makamu wa Kwanza wa Rais. Oktoba mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Pengo la kura lilikuwa dogo hivyo, na Maalim Seif akakubali matokeo, akaingia serikalini.

Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa, wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF, na serikali ya pamoja ikakatika mpaka Desemba 2020. Ninapofundisha vijana siifichi sehemu hii. Utaratibu wa kugawana madaraka ulikuwepo. Kilichokosekana ni kuaminiana juu ya kuhesabu kura, na hilo hotuba yoyote ya umoja inapaswa kuligusa.

Afrika Kusini nayo iliandika utaratibu wake: katiba ya mpito ilikipa haki ya kuwa na mawaziri chama chochote chenye viti 20 au zaidi kati ya 400 vya bunge. Ndivyo Mangosuthu Buthelezi wa Inkatha alivyokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Mandela.

Wewe huenda huna katiba ya kubadilisha. Una tawi, kata, chama cha wanafunzi. Andika jambo moja dogo lenye tarehe na mtu wa kulisimamia, na ambalo upande wako unalianza bila kusubiri upande wa pili. Kwa mfano: kuanzia Jumatatu tunaondoa mabango yetu yote yenye picha ya mpinzani. Au: orodha ya mawakala wetu tutaikabidhi kwao siku tatu kabla ya kura. Jambo likiwa kubwa mno, watu watalishangilia na kulisahau.

Siku yenyewe

Dakika kumi na tano zinatosha. Obama alitumia kama kumi na saba Boston. Mzungumzaji asome ile sentensi ngumu mara ishirini nyumbani mpaka imzoee kinywani. Mwimbaji wa chama asipangwe mara baada yake, kwa sababu nyimbo za kampeni zina vijembe vyake. Na waonye wasaidizi wanaoandika mitandaoni: wiki nzima wasimtanie mtu yeyote wa upande wa pili. Tusi moja la msaidizi hulipita neno jema la bosi wake kwa mbio.

Akizomewa, anyamaze. Asiwakemee watu wake wala asiharakishe. Ahesabu mpaka tano, airudie sentensi ile ile kwa sauti ya chini kuliko mara ya kwanza, kisha aendelee.

Miaka kadhaa baada ya yule mama kunishika mkono, mgombea mwingine, katika jimbo lingine lenye vurugu kama zile, alikubali kusoma nilichokuwa nimeshindwa kukiandika mara ya kwanza: "Vijana waliovaa fulana zetu ndio walioanza kurusha mawe. Nimekwenda kwa familia ya aliyeumia. Katibu wetu atakwenda leo jioni kwenye ofisi yao." Walimzomea, si wote. Alinyamaza, akairudia. Mzee mmoja mstari wa mbele akavua kofia ya chama, akaipakata magotini, akaendelea kusikiliza.

Jioni ile katibu wetu alikwenda kwa miguu, peke yake, na makatibu wawili wakapeana namba za simu. Siku ya kura walipigiana mara tisa. Alinionyesha kwenye simu yake: ya kwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, ya mwisho saa nne usiku, dakika mbili na sekunde kumi.